Majina 26

Hapa Nakwa ukishavaa miwani umekwisha. Haijalishi umeivaa kwa ajili ya vumbi la barabarani au kwa sababu macho yamechoka kusoma namba za kwenye maboksi ya spea. Watu wameshakuandika kwenye daftari la wasomi, na daftari hilo halina kifutio. Ongeza na huu ugonjwa wangu wa kuandika gazetini, basi kila penye karatasi ya kusomwa naitwa mimi. Msibani nasoma wasifu wa marehemu. Harusini nasoma majina ya waliochangia, na nikimruka mtu, hanisalimii mpaka Pasaka. Sasa wamenifikisha kanisani.

Ujumbe wa mama mwenyekiti wa jumuiya uliingia Jumapili usiku, nimeshavua viatu. "Tumsifu Yesu Kristo. Zamu ya masomo Dominika ijayo ni jumuiya yetu. Wewe somo la kwanza, Nehemia 8. Ubarikiwe." Hakuna "tunaomba", hakuna "una nafasi?" Ukiona "ubarikiwe" mwishoni mwa ujumbe ujue hukumu imeshasomwa na rufaa hakuna.

Na haikuwa Dominika ya hivi hivi. Ilikuwa tarehe 26 Januari 2025, Dominika ya Neno la Mungu, ile aliyoiweka Papa Fransisko mwaka 2019. Siku hiyo hata wale wanaosinziaga tangu wimbo wa mwanzo hukaa macho.

Nikatoa Biblia ya nyumbani, ile nyeusi ya Muungano, tafsiri ya mwaka 1952, ambayo marehemu baba aliipata kwa rafiki yake Mlutheri kwa kubadilishana na jogoo. Nehemia sura ya 8 ni kisa kitamu. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, wamejaa uwanjani mbele ya Lango la Maji pale Yerusalemu, Ezra mwandishi kapanda juu ya mimbari ya mti, anasoma Torati tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mpaka hapo sina neno. Kisha, badala ya mwandishi kusema kwamba wazee kadhaa walisimama pembeni yake akapita zake, anaanza kuwataja: sita mkono wa kuume, saba mkono wa kushoto. Sijashusha pumzi, mstari wa 7 unaleta wengine 13, hao wakisaidiana na Walawi kupita kati ya watu wakiwaelewesha. Jumla 26. Maaseya katajwa mara mbili, sijui ni mmoja kahama upande au ni wawili wa ukoo mmoja. Kuna Shabethai. Kuna Meshulamu. Kuna Hashbadana. Hakuna hata Yohana mmoja wa kupumzikia.

Mimi mtu wa duka la spea za pikipiki. Majina yangu ni pleki, klachi, cheni na sproketi. Lakini aibu ya kukwama mbele ya kigango kizima naijua, nimeiona ikiwapata wenzangu, kwa hiyo Jumatatu asubuhi nikaweka Biblia juu ya kaunta, kati ya boksi la plagi na kopo la grisi, nikaanza kujifunza kwa sauti.

Hashbadana. Hash-ba-da-na. Hashbadana.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama mlangoni anasubiri chenji.

"Mzee, hashbadana ya Boxer shilingi ngapi?"

Nikamwambia hiyo si spea, huyo ni mtu wa Agano la Kale. Akanitazama kwa ile huruma ya mtu aliyezoea kudanganywa na wenye maduka. "Sema tu kama imeisha, Mzee wangu." Kufika jioni walishakuja wengine wawili kuiulizia, na mmoja alidai ya kwake imeanza kulia ikipanda mlima.

Nyumbani nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Jumatano mama watoto aliniamsha saa nane usiku akitaka kujua Meshulamu ni nani na anakaa mtaa gani. Nikamwonyesha mstari. Akausoma mara mbili, kisha akalala bila kuomba radhi.

Lakini nisidanganye watu. Niliyekuwa namwogopa si Ezra, si katekista, wala mama mwenyekiti. Nilikuwa naogopa benchi la mbele kushoto.

Kwenye benchi hilo anakaa Bibi. Si bibi yangu wa kunizaa, ila umri wake unamfanya bibi wa kila mtu, na sijasikia aliyewahi kumwita vinginevyo. Ni Mgorowa wa hapahapa, wa tangu mji huu haujawa makao makuu ya mkoa wowote, maana Manyara yenyewe imezaliwa 2002 na yeye wakati huo alishakuwa na wajukuu. Kusoma hajui. Kiswahili chake kingi amekipata kanisani, ndiyo maana akienda sokoni kununua nyanya anaongea kama nabii. "Ole wako wewe uliyeficha mbovu chini!" Na wauza nyanya wanampunguzia bei, wengine huku wakijikagua dhamiri.

Bibi huyu haji na kitabu. Anakuja na masikio. Msomaji akipanda kwenye mimbari, yeye anafumba macho, na midomo yake inaanza kutembea. Inatembea mbele yako. Wewe uko kwenye "na", yeye ameshafika kwenye jina linalofuata anakusubiri, kama mtu aliyetangulia kwenye daladala akashikilia siti.

Siku ya Pentekoste ndiyo mbaya zaidi. Somo la kwanza la siku hiyo halibadiliki, iwe Mwaka A, B au C: Matendo ya Mitume sura ya 2, wageni waliokuwa Yerusalemu. Waparthi, Wamedi, Waelami, unashuka nao mpaka Wakrete na Waarabu, watu na nchi 15 kwa hesabu yangu. Kigango kizima kinaijua orodha hiyo, kwa sababu kimeisikia kila mwaka tangu wengi wetu tukiwa tumebebwa mgongoni. Hakuna aliyewahi kupanda basi na Mparthi, lakini jaribu kumruka uone. Watu hawaji kusikia nini kitatokea. Wanajua. Wanakuja kuona kama na wewe unajua. Mwaka mmoja kijana wa watu, kidato cha nne, suruali imenyooshwa hadi inakata, alikwenda vizuri kabisa mpaka akafika Frigia na Pamfilia. Akasoma "friji na familia". Benchi la mbele kushoto likatikisika. Kijana yule sasa yuko Dodoma chuoni, na nasikia Jumapili anasali akiwa amesimama nje.

Sasa elewa mzigo wangu. Orodha ya Pentekoste angalau inarudi kila mwaka. Nehemia 8 inakuja Dominika moja tu katika miaka mitatu. Niliamini kwamba hapo nimempata Bibi, kwamba majina haya hayajui, na nikiyamwaga yote 26 bila kukwama atafumbua macho walau safari moja. Nakiri hiyo ilikuwa majivuno, na yaliandikwa usoni.

Jumapili nikaoga mapema. Mlima Kwaraa ulikuwa umevaa wingu lake, barabara ina matope, nikapanda bodaboda kwa uangalifu ili suruali isirukiwe. Dereva akaniambia, "Kumbe wewe ndiye wa hashbadana." Nikanyamaza. Padre siku hiyo alikuwa kigango kingine, kwa hiyo katekista ndiye aliyeongoza ibada. Kitabu cha masomo kikaingizwa kwa maandamano, watoto wakicheza mbele, kina mama wakipiga vigelegele.

Nikapanda. Maiki iliwekwa kwa urefu wa mtoto wa shule ya msingi aliyetangaza nia za ibada, na katika kuinyanyua ikapiga mluzi ulioamsha mbwa wa jirani. Nikafungua penye utepe mwekundu.

Nataka nikieleze kitabu hiki kidogo, maana watu mnakiona kwa mbali tu. Pembe ya chini ya ukurasa imekuwa nyeusi na laini kwa vidole vya wasomaji. Kuna tone la nta ya mshumaa lililokaukia kwenye herufi ya kwanza. Na pembeni kuna alama za penseli, za mikono tofauti: mwingine ameweka kijistari juu ya silabi ya kukaziwa, mwingine amechora mkia wa kuonyesha pa kupumulia, na mmoja, kwa mwandiko wa mama aliyefundishwa na masista, ameandika "polepole". Huyo mama simjui. Huduma rasmi ya usomaji Roma iliwafungulia wanawake mwaka 2021, kwetu hapa kina mama walikuwa wameshasoma mpaka wengine wamestaafu kwa ajili ya meno.

Basi nikaanza. Somo katika kitabu cha Nehemia. Sauti ilitoka nzuri, hata mimi niliipenda. Ezra akaileta Torati, akasoma tangu asubuhi, akasimama juu ya mimbari ya mti. Nikavuta pumzi ya wale sita wa kuume.

Hawapo.

Narudia: hawapo. Baada ya mimbari ya mti, Ezra anafungua kitabu. Nikashuka kwa macho kutafuta mstari wa 7. Nao haupo. Wale waliokipanga upya kitabu cha masomo baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kikatoka 1969, walichukua mstari wa 2 mpaka nusu ya wa 4, wakachukua wa 5 na wa 6, wakaruka wa 7, wakaendelea na wa 8 mpaka wa 10. Watu wote 26 wamekatwa kwa wembe. Nadhani waliwaonea huruma wasomaji. Mimi huruma hiyo ilinikuta nimeshalipa wiki nzima, usingizi, na heshima ya duka langu.

Tatizo ni kwamba mdomo haukuwa umeambiwa. Macho yaliona "akafungua kitabu", mdomo ukasema "Matithia". Ukaendelea: Shema. Anaya. Katekista akainua kichwa. Ndipo akili ilipofika, ikakanyaga breki, na mimi nikabaki hapo katikati, sijui nirudi nyuma niombe radhi au nimalizie, huku jasho limeshapita kola.

Kimya. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, ameisha?"

Halafu kutoka benchi la mbele kushoto, macho yamefumbwa, Bibi akasema, "Uria."

Akasema Hilkia. Akasema Maaseya. Akavuka kwenda mkono wa kushoto, na hapo bibi mwingine pembeni yake akaingia, na wa tatu nyuma yao, sauti zile za chini za watu wanaosali rozari njiani: Pedaya, Mishaeli, Malkiya, Hashumu. Walipofika Hashbadana nikasikia mtu nyuma kabisa, karibu na mlango, ameshika mdomo asicheke; ni dereva wangu. Zekaria. Meshulamu. Wakanyamaza wote kwa pamoja. Haikufika nusu dakika. Katekista, ambaye ana shahada ya uvumilivu, akaniambia kwa upole, "Endelea, Mzee wangu, mstari wa tano."

Nikaendelea. Sikumbuki nilisomaje. Niliposema "Neno la Bwana", waumini waliitikia "Tumshukuru Mungu" kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia hapo, na sina uhakika walikuwa wanamshukuru kwa lipi.

Baada ya ibada nikamfuata Bibi chini ya mti, kwa hasira kidogo. Nikamsabahi, nikamuuliza majina yale ameyatoa wapi wakati kitabuni hayamo.

"Kitabuni hayamo?" Akashangaa kweli. "Nani kayatoa?"

Nikamwambia ni watu wa zamani, Ulaya. Akasonya.

Ndipo akanieleza. Akiwa msichana, Misa zilikuwa za Kilatini na padre alionekana kwa nadra, maana alikuwa wa vigango vingi. Siku nyingine zote walikuwa na katekista mmoja, mtu wa kutembea kwa miguu, na katekista huyo hakuwa na kitabu cha masomo yaliyokatwakatwa. Alikuwa na Biblia, akifungua sura anaisoma yote, kama mtu anayelima tuta mpaka mwisho. Pembeni yake alisimama mzee mmoja wa kuwageuzia Kiiraqw na Kigorowa wale ambao Kiswahili hakijawafika. Nehemia 8 katekista huyo aliipenda kuliko zote, na Bibi anasema sababu aliitaja mwenyewe: huyo Ezra hakusimama peke yake, na waliosimama naye wametajwa kwa majina. Wanafunzi wa ubatizo walikuwa hawaruhusiwi kwenda nyumbani mpaka wawataje, kuume na kushoto. Wale 13 wa mstari wa 7 katekista mwenyewe alikuwa anawachanganya, kwa hiyo aliwasamehe.

"Na hamkuandika?"

"Tungeandika na nini?"

Swali la kipumbavu, nakubali. Kwa Wairaqw na majirani zao, mzee akisimama kutamka slufay, yale maombi marefu ya kubariki mkutano, huoni karatasi mkononi mwake. Anatamka, wengine wanaitikia. Wamezoea kubeba maneno kichwani kama sisi tunavyozoea kuyabeba mfukoni na kuyasahau mfukoni.

Kisha Bibi akaninong'oneza jambo lililonimaliza. Mwanawe wa tano alibatizwa kwa jina la mmoja wa wale saba wa kushoto. Huyo mwanawe mnamjua; ni fundi ujenzi, mji mzima unamwita kwa jina la utani la tangu shuleni, na nilikuwa sijawahi kujiuliza alibatizwa nani. Jina lenyewe siliandiki hapa, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu ananidai hela ya ukuta wa choo na sitaki kumkumbusha. Nitasema tu kwamba kwa mama yake Dominika ile haikuwa orodha. Alikuwa anasubiri mwanawe atajwe, na mimi nikakanyaga breki majina matatu tu baada ya kuondoka.

Sasa nina lalamiko langu lililonileta hapa, na mhariri ameniambia nisiliweke mwisho kabisa kwa sababu watu hawafiki. Ni hawa vijana wa benchi la nyuma na simu zao. Huyu amefungua Muungano, yule Habari Njema, mwingine ya Kiingereza ili aonekane. Ukisoma wanakufuata kwa kidole kama trafiki anayekagua leseni. Na kwa kuwa tafsiri hazifanani, neno moja likipishana vichwa vinainuka: Mzee kakosea! Mimi sijakosea, nimesoma kilichoandikwa mbele yangu, mkakamatane na watafsiri. Hilo lilianza zamani. Mjerumani Karl Roehl alitoa Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu. Miaka 15 baadaye ikaja ya Muungano, na waliozoea ile wakaanza kusikia nyingine. Sina ugomvi na tafsiri. Nina ugomvi na kidole. Bibi akinisahihisha, anakuwa amenitangulia, ananivuta mkono. Hawa wananifuata nyuma wakisubiri nianguke, na nikianguka hawana jina la kuniokolea. Betri ikiisha wamebaki na skrini nyeusi.

Nimemwomba Bibi anifundishe na wale wengine 13. Akasema hao hawajui, niende kwa watu wa Ulaya waliowatoa.

Nehemia 8 itarudi kwetu Januari 2028. Kabla ya hapo kuna Pentekoste, na mama mwenyekiti ameshatuma ujumbe. Umeishia na "ubarikiwe". Kwa hiyo yeyote anayejua Pamfilia inatamkwaje kwa ufasaha, tafadhali apite dukani kwangu hapa Nakwa, nafungua saa mbili asubuhi, chai ipo. Na nyie wa bodaboda, kwa mara ya mwisho: hashbadana hatuuzi.